Seva mbili, kalamu moja

Naomba nianze na ugomvi kidogo. Siku hizi hapa Tanga ukimuuliza fundi yeyote akutengenezee mfumo wa duka, hata hujamaliza sentensi atakuambia "boss, tunakuwekea seva mbili, moja ikizima nyingine inadaka, wewe lala tu". Maneno matamu hayo. Na mimi nimeyauza sana, siwezi kujitoa, miaka kama mitatu nimewauzia wenye maduka ya vifaa vya ujenzi na zahanati mbili na shule moja, mpaka siku yaliponirudia usoni.

Ninachosema ni hivi. Kunakili faili kutoka seva hii kwenda ile ni kazi ya wiki moja, hata kijana aliyekuja kufanya fildi anaiweza. Kinachokula miezi ni swali jingine, nani ameshika kalamu. Yaani mashine mbili zina data ileile, sasa ipi kati yao ina ruhusa ya kuandika, hiyo ruhusa inahama vipi, na ikihama yule aliyenyang'anywa anajuaje kwamba kanyang'anywa. Programu nyingi tunazouziana huku zimemaliza nguvu zote kwenye kunakili, kwenye kalamu zimeacha bahati nasibu, na anayelipa ile bahati nasibu ni mteja.

Niwape kisa chenyewe. Duka lipo Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, la mzee mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi, na stoo yake ipo Pongwe njia ya kwenda Muheza. Kila sehemu niliweka seva ndogo, katikati antena zinatazamana. Siku za kawaida mauzo yote yanaandikwa seva ya Ngamiani, hata binti wa kaunta kule Pongwe akiuza anaandikia mjini kupitia antena, na kila risiti ni faili ambalo jina lake ni namba ya risiti, halafu kopi inaruka Pongwe ndani ya sekunde. Nikaongeza na ujanja wangu, seva ya Pongwe isiposikia mapigo ya mwenzake kwa sekunde 30 ijue mkubwa kafa, ishike usukani yenyewe. Ikaenda vizuri miezi minane, wallahi nilikuwa natembea kifua mbele.

Basi siku moja ya vuli upepo ukasogeza antena. Hakuna seva iliyokufa, zote mbili nzima, umeme upo, ila hazionani. Ya Pongwe ikasema mkubwa kafa, ikashika kalamu. Ya Ngamiani nayo haina habari, inaendelea kuuza kama kawaida. Saa kumi na dakika 12 Ngamiani wakatoa risiti namba 4127, bati 20. Saa kumi na dakika 15 Pongwe nao wakatoa risiti namba 4127, saruji mifuko 60. Jioni fundi kapanda kanyoosha antena, seva zikaonana, programu yangu ikakuta mafaili mawili jina moja, na sheria niliyoiandika mwenyewe kwa mkono wangu ilikuwa faili lenye saa ya karibuni ndilo linabaki. Sasa sikia, saa ya seva ya Pongwe ilikuwa nyuma dakika 7, hakuna aliyekuwa anairekebisha, kwa hiyo risiti ya saruji ilikuwa imepigwa muhuri wa saa kumi na dakika 8. Ikaonekana ndiyo ya zamani. Ikafutwa. Mifuko 60 ikatoka stoo na karatasi haipo, na haikuwa peke yake, risiti 31 ziligongana namna hiyo.

Tuligundua baada ya siku mbili wakati wa kuhesabu mzigo. Nikaitwa. Nikasema shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akanikalisha, akaagiza kahawa na kashata, hapo nikajua mambo mabaya maana mtu mzima wa Tanga akitaka kukusema hasemi na wewe una njaa. Nimemaliza kikombe ndo ananiambia, "Mwanangu, uliniambia hizi ni pacha. Pacha gani hawa, kila mmoja na neno lake, halafu mmoja kammeza mwenziwe?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na maelezo mengi lakini jibu sikuwa nalo.

Sasa turudi kwenye kazi yenyewe, maana hata huko kunakili ninakokuita rahisi kuna mashimo, na wengi tunaingia bila taa. Wengi tunaanza na rsync, programu ya kunakili mafaili kutoka mashine moja kwenda nyingine, na ni kitu kizuri hasa, Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa 1996 kule Australia na mpaka leo inabeba nusu ya dunia mgongoni. Uzuri wake ni huu, upande unaopokea unalikata faili lake la zamani vipande vipande, unapiga hesabu fupi ya kila kipande na kutuma zile hesabu tu, upande unaotuma unateleza juu ya faili jipya kutafuta vipande vinavyofanana, kisha unatuma kile tu ambacho mwenzake hana. Kwa laini zetu hizi za kubahatisha hiyo ni neema. Lakini rsync haijui kitu kimebadilika mpaka ikatazame. Ukiwa na mafaili laki nne, kila ukiiwasha lazima ipite mafaili laki nne inauliza wewe umebadilika, na wewe je, hata kama tangu asubuhi imeuzwa risiti moja. Ukiipanga kila dakika tano, ujue unaweza kupoteza dakika tano za mauzo seva ikifa, na mwambie mteja hivyo mapema, usimwambie "papo hapo".

Kwa hiyo unahamia inotify, ile huduma iliyomo ndani ya Linux tangu 2005, toleo la 2.6.13, kernel yenyewe, yaani kiini cha mfumo, inakugusa bega faili likiguswa. Hapa vijana wanafurahi sana wanaona wamemaliza. Bado. Inotify inachunga folda uliyoiambia tu, folda za ndani yake haizichungi mpaka uziandikishe moja moja, sasa mtu akitengeneza folda mpya na kutupia mafaili humo kabla programu yako haijaiandikisha, yale mafaili umeyakosa na hakuna kelele itakayopigwa. Pia foleni ya matukio ina kikomo, kawaida ni 16,384, mtu akimwaga picha za skana elfu ishirini kwa mpigo foleni inafurika, na kernel inakuambia kitu kimoja tu, kwamba imefurika. Ilichokimwaga haikutajii. Dawa yake ni kurudi kukagua kila kitu upya kuanzia mwanzo, hakuna njia ya mkato, na programu nyingi nilizofungua msimbo wake zinaupokea huo ujumbe na kuutupa kapuni. Na yangu ya kwanza ilikuwa hivyohivyo, nisijitie usafi.

Halafu kuna faili bichi. Mhasibu anahifadhi faili la Excel la megabaiti 40, programu yako ina haraka, inalinakili likiwa halijaiva, seva ya pili inapata nusu faili lenye jina zima. Ukisubiri tukio la faili kufungwa baada ya kuandikwa unapona kiasi, na upande wa kupokea andika kwanza kwa jina la muda, lazimisha diski ihifadhi kweli, halafu ndo ubadilishe jina, kwa sababu ndani ya diski moja kubadilisha jina kunafanyika kwa mkupuo mmoja, anayesoma anakuta la zamani au jipya, nusu haikuti. Rsync yenyewe inafanya hivyo kwa kawaida yake, inaandika faili la kificho kisha inabadilisha jina. Na tafadhali sana, database usiinakili kama mafaili huku inafanya kazi, tumia replikesheni ya database yenyewe, yaani njia yake ya kujinakili kwenda seva nyingine. Kurasa zake zinaandikwa kwa zamu, ukinakili katikati unapata kitabu ambacho ukurasa wa 10 ni wa leo na wa 11 ni wa juzi, na kitafunguka vizuri tu, ndo ubaya wake, utakuja kukuta mbele ya safari.

Kufuta nako ni kesi. Faili lipo Ngamiani, Pongwe halipo. Je, ni jipya halijafika Pongwe, au Pongwe wamelifuta na habari haijafika mjini? Ukitazama mafaili tu huwezi kujua. Lazima ubaki na kaburi la kila faili lililofutwa, rekodi inayosema fulani alikuwepo, kafutwa saa fulani, na ukiyafukua makaburi mapema wafu wanarudi. Nimewahi kuona bei za mwaka juzi zikifufuka dukani, mteja anashangilia.

Na hapohapo niseme la bakapu, ile kopi ya akiba, maana nalo limechanganywa makusudi. Replikesheni si bakapu. Ukifuta folda Ngamiani, Pongwe inafutika ndani ya sekunde, kwa utiifu mkubwa. Virusi vikikufungia mafaili, kopi nayo inafungwa. GitLab, kampuni kubwa tu ya kuhifadhi misimbo ya programu, tarehe 31 Januari 2017 fundi wao alikuwa anahangaika na replikesheni iliyobaki nyuma, akataka kusafisha folda ya data kwenye seva ya pili, kumbe yupo kwenye seva kuu, zikaondoka kama gigabaiti 300, na njia zao za bakapu walipozigusa hazikufaa isipokuwa kopi iliyopigwa kwa mkono saa sita hivi kabla. Wao walisema wazi kila kitu hadharani, na kwa hilo nawavulia kofia. Sisi huku tunasema "mtandao ulisumbua".

Sasa kalamu.

Wazee wa maduka wana kitabu cha risiti chenye kaboni. Unaandika mara moja, kopi inatoka hapohapo, mteja haondoki kabla kopi haijawepo. Hiyo ndo replikesheni ya kusubiri. Nyingine ni kama kumpa konda wa basi daftari la siku apeleke tawini jioni, ya kutosubiri, wewe unaendelea kuuza, daftari litafika, likipotea njiani umepoteza siku. DRBD, programu ya kunakili diski kati ya mashine mbili, ya jamaa wa LINBIT huko Vienna, iliyoingia kwenye kernel ya Linux 2010, inakupa daraja tatu ukipenda, A inahesabu kazi imekwisha data ikishaandikwa kwenye diski yako na kuwekwa kwenye foleni ya kutumwa, B ikishafika kwenye kumbukumbu ya mwenzako, C mpaka diski ya mwenzako iseme nimeandika. Watu wanataka C na spidi ya A. Haipo hiyo. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilometa laki mbili kwa sekunde, Tanga mpaka Dar kwa barabara ni kama kilometa 350, kwenda na kurudi ni milisekunde tatu na nusu hata kama vifaa vyote vingekuwa vya peponi, na vyetu si vya peponi. Ikiwa laini yako inachukua milisekunde 20 na una mafaili madogo elfu moja yanayosubiriana, hizo ni sekunde 20 binti wa kaunta anatazama kiduara kinazunguka na mteja anapiga meza. Ngamiani na Pongwe si mbali, inavumilika. Tanga na Dar kwa kusubiri mimi simshauri mtu.

Lakini kaboni na basi vyote vinadhani njia ipo. Njia ikikatika ndo kalamu inagombewa. Eric Brewer, mtaalamu wa kompyuta, alilisema hili mwaka 2000, na 2002 Gilbert na Lynch wakalithibitisha kwa hesabu, kwamba mtandao ukigawanyika lazima uchague, ama kila upande uendelee kujibu na maneno yatofautiane, ama upande mmoja unyamaze. Hakuna fundi anayelikwepa hilo, hata awe na seva za bei gani. GitHub, kampuni nyingine ya kuhifadhi misimbo ya programu, Oktoba 2018 vituo vyao vya data viliachana kwa sekunde 43 tu, sekunde 43, wakati wa kubadilisha kifaa kilichoharibika, mfumo wao wa kujihamisha ukampa kalamu mwenzake wa pwani ya magharibi ya Marekani huku pwani ya mashariki kuna maandishi ambayo hayajavuka, na kuzipatanisha pande mbili kukawaacha wanayumba saa 24 na dakika 11. Hao ni GitHub na mainjinia wao wote. Mimi na antena yangu ya Pongwe ni nani.

Vitabu vinasema dawa ni shahidi wa tatu. Mashine mbili zikigombana hakuna wingi, zikiwa tatu anayeonana na mmoja zaidi ndiye mwenye kalamu, aliyebaki peke yake anajinyamazia. Na kuna ukatili mwingine ambao wenyewe wameupa jina la kumpiga mwenzako risasi ya kichwa, seva inayoshika kalamu kwanza inamkatia mwenzake umeme kabisa, maana aliyezimwa haandiki. Nikafunga kimashine kidogo kwa rafiki yangu Raskazone kiwe shahidi, nikarudi kwa mzee nimejaa tumaini, nikamweleza kwamba antena ikilala safari hii, na Ngamiani wakiwa hawamwoni shahidi, seva ya Ngamiani itaacha kuandika.

Mzee akanitazama. "Ngoja. Mashine ipo hapa. Umeme upo. Wateja wapo. Halafu inakataa kuuza kwa sababu haimwoni mtu wa Raskazone?"

Ndiyo mzee.

"Kaitoe."

Na unajua nini, alikuwa sahihi, na hapo ndo nimebadilisha msimamo wangu wote. Ile akili ya kujihamisha yenyewe ndani ya sekunde 30 nilimwekea nani? Hospitali yenye wagonjwa wodini, sawa, weka mashine tatu, weka na ya kukata umeme, gharamia. Duka la mabati linalofunga saa kumi na mbili jioni halina shida ya sekunde 30, lina shida ya risiti mbili namba moja. Wauzaji wanapenda kutaja asilimia, 99.99 ni kama dakika 53 tu za kuzimika kwa mwaka mzima, inavutia kwenye karatasi, lakini dakika 53 za duka kunyamaza zina gharama ndogo kuliko saa mbili za duka kusema uongo.

Kuna anayeniambia hamishia vyote mtandaoni, seva za Ulaya, tatizo limekwisha. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ya nchi nzima ikawa ya kuomba Mungu, na duka la huyu mzee likauza siku ile kama hakuna kilichotokea kwa sababu seva ipo chini ya meza yake. Kopi ya usiku ipelekwe huko nje, nakubali, hiyo ndo bakapu. Kalamu ibaki hapa.

Kwa hiyo sasa hivi ipo hivi. Kalamu ni ya Ngamiani. Njia ikikatika Ngamiani inaendelea, Pongwe inaweza kusoma kila kitu ila kuandika haiwezi, inaonyesha kibao chekundu. Kuihamisha kalamu ni kazi ya mtu, lazima apige simu, athibitishe kwa macho ya mtu aliyepo kwamba seva ya Ngamiani imezimwa na waya umechomolewa, ndo anaingiza neno la siri Pongwe. Na kila kalamu inapohama kuna namba ya zamu inapanda, zamu ya 5, ya 6, kila faili lina namba ya zamu lililoandikwa, sikuamini saa ya mtu tena. Seva iliyolala ikiamka na zamu ya 5 ikakuta mwenzake yupo ya 6 inakaa kimya na kupokea, haisukumi kitu, hata iwe ndiyo ya mjini. Hilo la kurudi lilinichukua muda kuliko mengine yote, kwa sababu aliyefufuka huwa anadhani bado ni jana na yeye bado mkubwa.

Jumamosi iliyopita nimekwenda kujaribu, mchana wateja wamejaa, maana kujaribu usiku duka limefungwa ni kujidanganya. Nikamwambia mzee nachomoa, akasema chomoa. Ngamiani hakuna aliyejua. Pongwe kibao chekundu kikatoka, binti wa kaunta hakupiga hata simu, akavuta droo akatoa kitabu cha kaboni kilichopigwa mhuri wa namba zake zinazoanza na P, akaendelea. Nikakaa dakika 11, nikarudisha waya. Risiti za kaboni zilikuwa tisa. Jioni tumeziingiza kwa mkono, yeye anasoma mimi naandika, mifuko ya saruji imekaa sawa na ile iliyobaki stoo, mzee akaniuliza kwenye simu swali moja tu, kama zile kaboni bado zinapatikana kwa wingi au aagize boksi zima.